Mke wa Muuaji Anadaiwa Nini?

Nasema nanyi nyote mnaonisikiliza, kuanzia Likoni hadi Vanga, mlioko Diani na Ukunda, Gazi na Msambweni, Kikoneni na Lunga Lunga, na jirani zangu wa Shimoni, Mkwiro na hapa kwetu Wasini. Mlio jikoni endeleeni na mapishi yenu, mradi masikio yawe kwangu.

Kila damu inapomwagika na jina la aliyeimwaga likatangazwa, watu hawachelewi kuuliza: "Kwani mkewe hakujua?" Huulizwa barazani, huulizwa uani, huulizwa ndani ya mashua watu wakivuka kutoka Shimoni. Na mara nyingi anayeuliza hangoji jibu. Ameshakata shauri kwamba mke alijua, kwa sababu wanalala chumba kimoja, wanakula sahani moja. Wako wengine, na hawa nao ni wengi, wanaosema mke haulizwi kitu. Yeye kazi yake ni kumsitiri mumewe, mambo ya wanaume hayamhusu. Mimi nasema hukumu zote mbili ni za haraka, na zote mbili zinaua watu. Ndiyo maana jioni ya leo nataka tulikalie suala hili kitako.

Sisi watu wa Kwale hatuna nafasi ya kusema hili ni jambo la wengine. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari, likachukua silaha, kisha likawageukia majirani waliotoka bara. Kabla ya ghasia zile kwisha, watu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa na maelfu kwa maelfu wamehama makwao. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza ghasia hizo, ilisikiliza ushahidi wa viapo na wa mafunzo katika msitu wa Kaya Bombo. Vijana wale hawakuota kama uyoga. Kila mmoja alitoka katika nyumba ya mtu, na katika baadhi ya nyumba hizo alikuwamo mke aliyeona mumewe anatoka magharibi na kurudi alfajiri.

Baada ya hapo tukaona vijana wetu wakivuka kwenda Somalia kujiunga na al-Shabaab. Tukaona wengine wakirudi. Tukaona magenge ya mapanga Ukunda. Na kuna ukatili ambao hautangazwi kwa king'ora, ule wa mtu mzima kumharibu mtoto ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha watu wazima wenzake wakakaa mkekani wakamaliza mambo kwa kitita cha fedha na Fatiha. Hayo yote yana wake zake, wanaojua na wasiojua.

Nianze na wasiojua, kwa sababu hao ndio tunaowadhulumu kwanza.

Fazul Abdullah Mohammed, mtu wa Komoro, alikuwa akitafutwa na dunia nzima kwa mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua watu zaidi ya 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Na mtu huyo huyo alikwenda akakaa Siyu, kisiwani Pate, kule Lamu. Alijiita Abdul Karim. Alifundisha watoto, aliingia katika mambo ya mpira na vijana, akaposa, akaoa binti wa pale. Harusi ilikuwa harusi kama harusi nyingine zote. Kisha tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ikalipuliwa, wakafa watu 13 mbali na walipuaji wenyewe, na wengi katika hao walikuwa Wakenya wenzetu waliokuwa kazini, wakiwamo wacheza ngoma waliotoka kuwapokea wageni. Askari walipofika Siyu, iliyobaki kujibu maswali ilikuwa ni familia ile iliyotoa mke.

Sasa tujiulize kwa insafu. Binti yule alipewa jina la uongo na kazi ya uongo. Wazee wa mji, maimamu, walimu, wote walimwona bwana yule akisali safu ya mbele nao wakamwona mtu mwema. Kama mji mzima ulidanganyika, kwa nini tunataka msichana mmoja awe na macho kuliko mji mzima? Huambiwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tukageuza maneno hayo tukadhani anayekilalia basi anajua kila kitu. Si kweli. Mtu anayeishi maisha mawili humficha mkewe kwa bidii kuliko anavyomficha askari, kwa kuwa mke ndiye aliye karibu zaidi kumgundua. Mwanamke wa namna hiyo ni mdhulumiwa pamoja na wadhulumiwa wengine. Tunachodaiwa sisi kwake ni pole na ulinzi, na kumtema mate si katika deni hilo.

Lakini si wote hawajui.

Tarehe 15 Januari 2019 washambulizi waliingia katika jengo la DusitD2 Nairobi wakaua watu 21. Mmoja katika viongozi wao alikuwa Ali Salim Gichunge, kijana Mkenya, aliyekuwa akiishi na mkewe katika nyumba ya kupanga huko Muchatha, Kiambu, kati ya majirani wa kawaida. Magazeti yaliripoti kwamba siku chache kabla ya shambulio mke alitangaza mtandaoni kuuza vyombo vya nyumba, kisha akatoweka, na polisi wakatangaza kwamba wanamtafuta. Mimi si mahakama, simhukumu mtu ambaye hajasikizwa. Ila nauliza swali ambalo kila mmoja wetu amelifikiria: mke aliyejua siku, akauza kabati na kitanda, akafunga mzigo wake akaondoka, tofauti yake na aliyebeba bunduki ni nini? Ipo tofauti, lakini ni ndogo. Kama alijua, yeye alikuwa na siku kadhaa mkononi ambazo zingeweza kuwaokoa watu 21.

Hapo ndipo ninapotaka tuweke mpaka. Lililokwisha kutendwa ni jambo moja. Litakalotendwa ni jambo jingine. Mke habebi dhambi aliyoitenda mumewe. Anabeba kile anachokijua juu ya damu ambayo bado haijamwagika.

Wengi hudhani sheria ya Kenya haitofautishi mambo haya. Inatofautisha, na nimependa tuisikie leo kwa lugha yetu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 396, inasema kwamba anayemficha au kumsaidia mhalifu ili akwepe adhabu naye ana kosa. Lakini kifungu hicho hicho kimemtoa mke: mke aliyempokea mumewe na kumsaidia ili asiadhibiwe hahesabiwi kuwa mshiriki baada ya kosa. Na mume kwa mkewe ni hivyo hivyo. Waliotunga sheria waliona kwamba kumfungia mlango mwenzio wa ndoa, akija usiku amechoka na anakimbizwa, ni mzigo mzito mno kumtwika binadamu.

Ukirudi nyuma kidogo, kifungu cha 392 kinazungumza kwa sauti nyingine. Yeyote anayejua kwamba mtu amepanga kutenda kosa kubwa la jinai, au yuko katika kulitenda, na asitumie njia zote za busara kulizuia, ana hatia. Hapo mke hakutolewa. Mume hakutolewa. Na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 imekaza zaidi: kunyamaza na habari za shambulio ni kosa linalompeleka mtu jela.

Basi yaliyopita, sheria inamwonea mke huruma. Yanayokuja, sheria inamwita mbele pamoja na sisi sote. Nami naona mpaka huo umekaa mahali pake, kwa sababu mwenye haki kubwa zaidi katika kesi hii hayumo ndani ya nyumba ile. Ni mtu ambaye bado yu hai, yuko kazini kwake au sokoni, na hajui kwamba jina lake limo katika mpango wa mtu.

Najua mama mmoja ananisikiliza na anasema moyoni: bibi huyu anasahau dini. Mke na mume ni vazi la kila mmoja kwa mwenziwe, tumefundishwa hivyo katika Suratul Baqara, na kusitiri aibu ya Muislamu ni jambo lenye thawabu. Sijasahau, mama yangu. Mimi nimelelewa na sitara kama wewe. Sitara ni ya aibu. Mume akiwa mlevi akatubu, msitiri. Akifilisika, msitiri. Akiwa na maradhi ya siri, msitiri. Lakini roho ya mtu mwingine si aibu ya mumeo. Hukupewa wewe kuifunika. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwausia maswahaba wamsaidie ndugu yao akiwa dhalimu au akiwa mdhulumiwa. Wakauliza, mdhulumiwa tunajua, dhalimu tumsaidie vipi? Akawaeleza kwamba kumsaidia dhalimu ni kuuzuia mkono wake. Mke anayeuzuia mkono wa mumewe kabla haujaua amemsaidia mumewe kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Amemkinga na damu ambayo angeulizwa Kiyama.

Na mwisho wa Suratut Tahrim Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa wanawake, na naomba wenye elimu watusomeshe aya hizo mara kwa mara. Mke wa Nuhu na mke wa Lut walikuwa chini ya waja wawili wema, na wema wa waume zao haukuwafaa kitu. Kisha ukaja mfano wa mke wa Firauni. Alilala katika jumba la mtu aliyechinja watoto wa kiume wa umma mzima, na uovu wa mumewe haukumpunguzia daraja yake mbele ya Mola wake. Kwa nini? Kwa sababu alijitenga na kazi ya mumewe. Alimchukua mtoto aliyetakiwa kuuawa akamlea ndani ya nyumba ya muuaji. Hakuwa na jeshi, hakuwa na askari wa kuwaita. Alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake, na lile tu ndilo lililotakiwa kwake.

Neno hilo uwezo ndilo linalonifikisha kwa wanawake wa aina ya tatu: wale wanaojua lakini wamefungwa mikono.

Kule kaskazini ya Uganda, jeshi la Joseph Kony liliteka wasichana wadogo na kuwagawia makamanda. Vijijini waliporudi waliitwa wake wa waasi, na watoto wao wakanyooshewa vidole. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa jeshi lile, na miongoni mwa makosa yake ilitaja ndoa ya kulazimishwa. Mei mwaka huo alihukumiwa miaka 25. Mahakama ilisema wazi kile ambacho majirani walikataa kukiona: walioitwa wake walikuwa mateka.

Mfano huo ni wa mbali na ni mkubwa. Wa karibu ni mdogo, lakini ni wa namna hiyo hiyo. Yuko mwanamke katika kaunti hii anayepigwa usiku na mwanamume ambaye mchana anawapiga wengine. Hana senti yake. Nauli ya boda boda mpaka Msambweni anaipata kwa kuomba kwa huyo huyo. Kwao ni mbali, na akirudi ataambiwa ndoa ni kuvumilia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 19, inakubali kumsikiliza mke aliyetenda kosa mumewe akiwapo na kwa kushurutishwa naye, isipokuwa kosa likiwa ni uhaini au mauaji. Yaani sheria inatambua kwamba hofu ya mume ni hofu ya kweli. Nasi tuitambue kabla ya kufungua midomo. Anayemwambia mwanamke huyo "ungesema" na ajiulize kwanza, angesema kwa nani, na usiku ule angelala wapi?

Kwa sababu hiyo naamini mambo mengi tunayoyaita maendeleo ya kina mama ni mambo ya usalama vilevile. Hapa Wasini wanawake waliungana wakajenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe, wageni wanalipa kuitembea, na fedha zinasomesha watoto. Ng'ambo, Kibuyuni, kina mama wanalima mwani baharini, wanaukausha na kuuza. Mwanamke mwenye pato lake, ambaye wenzake wa kikundi wanamgojea kesho asubuhi na watauliza mbona hakuja, hawezi kufungiwa ndani kwa wepesi. Ana nauli. Ana shahidi. Ana mahali pa kulala usiku mmoja. Ukitaka mke aseme, kwanza hakikisha ana miguu ya kusimamia.

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote, na naomba mniwie radhi kwa ukali.

Ukatili unaotendwa ndani ya nyumba juu ya mtoto hauna mlango wa nyuma. Hapa sikubali sitara, sikubali umaskini, sikubali "tutaonekanaje". Mama anayejua kwamba mumewe anamwingilia binti, awe binti yake wa kumzaa, wa kambo au mtoto wa ndugu anayelelewa, na akanyamaza, ananyamazia kosa ambalo halijapita. Litatokea tena usiku ule. Kila usiku wa kimya ni kosa jipya, na yeye analijua kabla halijatendeka.

Sheria hapa imefunga kila upenyo. Kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake adhabu yake ni kifungo cha maisha. Na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 127, ambayo kwa kawaida haimlazimishi mke kusimama mahakamani dhidi ya mumewe, katika makosa ya ngono inamlazimisha. Pia inamlazimisha pale mume alipomdhuru yeye mke au watoto wao. Ndoa inayomdhuru mtoto haistahili heshima ya ukimya. Na wale wazee wanaokaa kupatanisha, wakapokea mbuzi na fedha na kuyamaliza nyumbani, wajue kwamba wao hawana mamlaka hayo. Hawajampatanisha mtoto na mtu. Wamemrudisha kwa aliyemuumiza.

Mama, nakuambia wewe unayeyajua haya na unalia peke yako: hukufanya wewe. Uliyejua jana ukaganda kwa hofu, nakuelewa. Leo umesikia. Mtoe mtoto ndani ya nyumba hiyo kwanza, umpeleke kwa dada, kwa bibi, kwa mtu yeyote unayemwamini. Kisha mpeleke hospitali kabla hajaogeshwa, na nguo zake usizifue. Simu ya watoto ni 116. Simu ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Hazilipiwi.

Nimesema mengi juu ya deni la mke. Ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo, kwa maana kuna wanaomdai mke huyu na wao wenyewe wanadaiwa.

Wanadaiwa kwanza wenye dola. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, waziri wa usalama wa wakati ule, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wamejiunga na al-Shabaab wakitaka kurudi. Ilikuwa nafasi njema. Mke au mama angeweza kusema: mwanangu, mume wangu, jisalimishe, umeahidiwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo mashirika ya haki za binadamu ya Pwani, HAKI Africa na MUHURI, yamekuwa yakiandika habari za watu waliouawa au waliotoweka bila kufikishwa mahakamani, wengine wakiwa ni watu wa Kwale hii. Mke anayesikia kwamba jirani yake alimpeleka mumewe akajisalimishe na baadaye mume akaokotwa maiti, au hakuokotwa kabisa, atasema nini? Atanyamaza. Kila mtu anayetoweka mikononi mwa wanaopaswa kumlinda anafunga midomo ya wake kumi. Siwatetei wahalifu, wakamatwe, washtakiwe, wahukumiwe, wafungwe. Ninatetea mlango wa kusemea. Mwaka 2017 kaunti yetu ilizindua mpango wake wa kupambana na itikadi kali, na ndani ya kazi hiyo wamo watu wa Ukunda waliojitahidi sana kuzungumza na familia. Mpango huo hauwezi kusimama ikiwa mwanamke anaamini kwamba kusema ni kumchimbia mumewe kaburi.

Na iko kesi ya Mombasa ya kutufunza tahadhari. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliingia kituo kikuu cha polisi cha Mombasa wakashambulia, wakauawa. Mjane wa Sheikh Aboud Rogo alishtakiwa kwamba alijua habari za mpango huo na hakusema. Rogo, aliyehusishwa na al-Shabaab, hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama; alipigwa risasi ndani ya gari Agosti 2012, mkewe akiwa naye garini. Mwanzoni mwa 2018 mjane yule alihukumiwa miaka 10. Baadaye Mahakama Kuu ikamwachilia. Tujifunze hapo: kujua ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi. Kuwa mke wa fulani si ushahidi. Hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine, na mahakama nzuri inahukumu kwa msingi huo.

Wanadaiwa pili majirani, yaani sisi. Mume akishakamatwa au akishauawa, mke anabaki. Tunamwita mke wa gaidi. Watoto wake wanakosa wa kucheza nao. Mwenye nyumba anamtaka ahame. Duka linamnyima mkopo wa unga. Halafu tunashangaa mwanawe wa miaka 15 akipata rafiki mwenye maneno matamu na ahadi za kisasi. Katika kisiwa kama hiki chetu, chenye vijiji vichache, kisicho hata gari moja, mtu akitengwa ametengwa kweli. Tuseme wazi leo: mke na watoto wa mhalifu ni watu wetu. Mwenye kuwatenga anamlimia shamba yule yule anayedai kumchukia.

Tena tusigeuze wajibu wa kusema ukawa fitina. Kushuku si kujua. Kwetu, maneno tu yanaweza kumtoa mtu roho. Tazameni wazee wanaouawa Kwale na Kilifi kwa kusingiziwa uchawi. Ukiona mabadiliko kwa mwenzio, fedha zisizo na asili, safari zisizo na jibu, wageni wasiotaka kuonekana, una wajibu wa kuuliza. Kukataa kuuliza kwa kuwa unaogopa jibu, huku unavaa dhahabu iliyonunuliwa kwa fedha hizo, huko tayari ni kushiriki. Anayekula cha damu hawezi kusema hakuonja. Uliza. Ukijibiwa uongo, zungumza na watu wawili unaowaamini, wa kwenu na wa kwao. Ila ukishajua kwa hakika kwamba roho ya mtu iko hatarini, vikao vimekwisha. Nenda kwa chifu, kwa askari, na kama unaogopa kituo, nenda na imamu, wakili au shirika la haki ili pawe na shahidi wa ulichokisema. Na ndoa yenyewe, ikiwa imegeuka dhara, Kadhi yupo. Katiba imemtambua, na sharia imempa mwanamke njia ya kutoka, kwa khului, mke akijivua kwa kurudisha mahari, au kwa faskhi, Kadhi akiivunja ndoa. Kutoka katika nyumba ya dhuluma si kuvunja dini.

Waume nao wasidhani nawazungumzia wanawake peke yao. Yuko mume anayejua mkewe anamchoma mtoto wa kazi kwa pasi, anamnyima chakula, anamfungia chooni, naye anajifanya anasoma gazeti. Deni lake ni lile lile. Tena lake ni kubwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye mwenye ufunguo, mwenye fedha na mwenye sauti.

Basi nimalizie hivi, wapendwa. Mwanamke aliyedanganywa hadaiwi kitu. Sisi ndio tunaodaiwa kumwomba radhi. Mwanamke aliyeshikiwa panga anadaiwa kile tu anachokiweza, na sisi tunadaiwa kumwongezea uwezo. Mwanamke anayejua, na ana njia, na akanyamaza mpaka mtu akafa, hatutampa jina la muuaji, lakini hatutamwita mke mwema kwa sababu ya ukimya ule. Sitara na upendo havikuwekwa duniani ili vilipwe kwa maisha ya mtoto wa mwenzio.

Aliyekwisha kuuawa hatuna uwezo wa kumrudisha. Anayekusudiwa kesho bado yuko, ana mama yake, ana watoto wake, na ana haki juu ya kila anayejua. Kama unajua, usingoje asubuhi.